UCHAMBUZI: Mlezi wa mgonjwa nyumbani hachaguliwi kwa huruma pekee

WAHENGA walinena kuwa ng'ombe akivunjika guu malishoni hukimbilia zizini. Usemi huo hutimia kila siku katika wodi za hospitali humu nchini, pale daktari anapoiarifu familia kwamba mzee wao aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi, au aliyevunjika nyonga, hahitaji tena kitanda cha hospitali. Wakati wa kurudi nyumbani umewadia.

Familia humshukuru Mungu, hulipa bili na kukodi gari. Swali gumu hubisha hodi jioni ya siku hiyo hiyo. Nani atamgeuza mgonjwa kitandani saa nane za usiku? Nani atamwosha bila kumdhalilisha? Na wanawe waliotawanyika Nairobi, Mombasa, Doha na Boston watajuaje kwamba amekula?

Wengi hulijibu swali hilo kwa pupa. Simu hupigwa kijijini, binti wa jirani aliyemaliza shule akapatikana, na kufikia kesho yake amekabidhiwa mgonjwa, jiko, nguo za kufua na watoto wawili wa kupeleka shuleni. Wengine huchukua nambari ya kwanza ya simu wanayopewa langoni mwa hospitali. Ni nadra familia kuketi na kujiuliza ni kazi gani hasa inayotaka kumlipa mtu aifanye.

Uamuzi huo wa haraka ndio unaoamua iwapo mgonjwa atapata nafuu au atarejeshwa hospitalini baada ya wiki chache akiwa na vidonda vya mgongo na homa ya mapafu.

Kulingana na sensa ya 2019, Kenya ilikuwa na watu milioni 47.6, na takriban milioni 2.7 kati yao walikuwa wametimiza umri wa miaka 60 na zaidi. Huo ndio umri ambao Katiba ya 2010 inautambua kuwa wa uzee. Kifungu cha 57 kinawapa wananchi hao haki ya kuishi kwa hadhi na heshima, bila kudhulumiwa, na ya kupata matunzo na usaidizi ufaao kutoka kwa familia zao na kwa Serikali.

Katika kifungu hicho familia imetajwa kabla ya Serikali, na ndivyo mambo yalivyo hata nje ya vitabu vya sheria. Tofauti ni kwamba familia iliyofikiriwa zamani, yenye wakazamwana, mabinti na wajukuu katika boma moja, imesambaratishwa na ajira, masomo na gharama ya maisha. Aliyekuwa akimtunza mama mkwe sasa anafanya kazi benki mjini. Pengo aliloliacha linajazwa kwa malipo.

Utunzaji wa wagonjwa nyumbani si jambo geni nchini. Nairobi Hospice, iliyoanzishwa mnamo 1990, imekuwa ikiwahudumia wenye maradhi yasiyoponyeka. Virusi vya Ukimwi vilipolemea hospitali katika miaka ya 1990 na mapema miaka ya 2000, maelfu ya wagonjwa walitunzwa majumbani na wanawake wa kujitolea. Na Juni 2020, janga la Covid-19 liliposhamiri, Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kuwatenga na kuwatunza nyumbani wagonjwa wasio mahututi.

Lakini huduma hizo ziliongozwa na ujirani, dini au amri ya dharura. Leo utunzaji umekuwa biashara, nayo biashara humtaka mnunuzi ajue anachokinunua.

Kazi tatu zinazochanganywa

Kosa la kwanza linalofanywa na familia nyingi ni kuchanganya kazi tatu na kumtwika mtu mmoja.

Ya kwanza ni uuguzi: kudunga sindano, kusafisha na kufunga vidonda, kubadilisha mpira wa kupitisha mkojo, kumlisha mgonjwa kwa mrija wa puani. Hii ni kazi ya muuguzi aliyesomea na kusajiliwa. Ya pili ni utunzaji wa mwili: kuogesha, kuvisha, kulisha, kubadilisha nepi, kumsaidia mgonjwa kutembea na kumkumbusha wakati wa dawa. Hii ni kazi ya mlezi aliyepata mafunzo. Ya tatu ni kazi za nyumba: kupika, kufua na kupiga deki.

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anafaa kugeuzwa karibu kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Asipogeuzwa, ngozi ya mgongoni karibu na kifandugu, ya nyonga na ya visigino hukosa damu na kuanza kufa. Kidonda huanza kama wekundu mdogo usiotisha, na kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huenda usionekane kabisa. Kikipuuzwa, kinaweza kuchimba hadi mfupani.

Anayepika chakula cha watu sita hawezi kuifuata ratiba hiyo. Wala yule anayekesha na mgonjwa kila usiku hawezi kuamka alfajiri akaosha nyumba nzima kwa mwezi mmia bila mwili wake kusalimu amri. Familia inayomlaumu mlezi kwa uvivu mara nyingi huwa imempa kazi ya watu watatu.

Kwa hivyo hatua ya kwanza haihusu mtu wa kuajiri. Inahusu karatasi. Kabla ya mgonjwa kuondoka hospitalini, jamaa wamwombe muuguzi wa wodi awatajie, moja baada ya nyingine, kazi zote atakazofanyiwa mgonjwa kutwa na kucha, nao waziandike. Waoneshwe namna ya kumwinua na kumgeuza. Waelezwe dalili za hatari na nambari ya kupiga.

Orodha hiyo ikikamilika, mara nyingi hudhihirika kuwa mgonjwa hahitaji muuguzi wa kukaa naye saa 24. Anahitaji mlezi wa kila siku, muuguzi wa kumzuru mara moja au mbili kwa wiki, na mtaalamu wa viungo wa kumfanyisha mazoezi. Mpango huo ni nafuu kuliko kuajiri muuguzi wa kudumu, na ni salama kuliko kumwachia mlezi mambo asiyoyasomea.

Sare haithibitishi ujuzi

Kwa upande wa uuguzi, familia ina pa kuuliza. Baraza la Wauguzi la Kenya huweka rejista ya wauguzi, na leseni ya muuguzi inaweza kuthibitishwa kupitia tovuti ya baraza hilo kwa dakika chache. Wataalamu wa viungo nao wana baraza lao lililoundwa kwa sheria ya 2014. Mtu anayejitambulisha kuwa muuguzi na kukasirika anapoombwa nambari ya leseni amekwisha kutoa jibu. Sare nyeupe na kifaa cha kupimia shinikizo la damu vinauzwa madukani kwa yeyote mwenye pesa.

Ugumu uko kwa mlezi asiye muuguzi. Yeye hana baraza la taaluma linaloweza kumpokonya leseni akikosea. Vyeti vinavyotolewa na vyuo vya ulezi hutofautiana sana: kuna vya mafunzo ya wiki chache na vya miezi kadhaa, na si rahisi kwa familia kuvipambanua kwa kutazama muhuri.

Hapa ndipo kinaya kinapojitokeza. Kenya ilitia saini mkataba na Uingereza mnamo Julai 2021 wa kupeleka wauguzi huko, na Septemba 2024 ikatia saini mwingine na Ujerumani kuhusu wafanyakazi wenye ujuzi. Wanaoelekea nchi za Ghuba kufanya kazi za nyumbani hutakiwa kupitia mafunzo kabla ya kusafiri. Yaani kijana wa Kenya hufunzwa na kutahiniwa ili atunze nyumba ya mgeni Riyadh, ilhali anayemtunza nyanya yake mwenyewe Murang'a au Kakamega haulizwi lolote.

Kukosekana kwa rejista kunaifanya familia kuwa mkaguzi. Iombe kitambulisho cha kitaifa, cheti cha tabia njema kutoka kwa Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI), na nambari za simu za familia mbili alizozihudumia mlezi awali. Kisha izipige. Swali moja latosha kuwafungua vinywa waajiri wa zamani: je, mngemwajiri tena?

Iwapo mlezi analetwa na kampuni, kampuni yenyewe iulizwe. Imesajiliwa wapi? Ni muuguzi gani anayewasimamia walezi wake, na huzuru nyumba mara ngapi? Mlezi akiugua leo usiku, mwingine atafika saa ngapi? Kati ya pesa inazolipa familia, ni kiasi gani kinachomfikia mlezi? Je, ina bima ya majeraha kazini, kama inavyotakiwa na Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007? Kumwinua mtu mzima kitandani huvunja migongo, na siku mlezi atakapoumia, jibu la swali hilo la mwisho litakuwa na thamani kubwa.

Mtihani usio na karatasi

Vyeti vikishakaguliwa, mazungumzo ya nusu saa huweza kufichua mengi. Yapo maswali matatu ambayo mlezi mzoefu huyajibu bila kuhangaika.

La kwanza: mgonjwa akianza kukohoa katikati ya kula, utafanya nini? Anayeifahamu kazi atasema ataacha kumlisha mara moja, atahakikisha amekaa wima, atangoja kikohozi kiishe, kisha ataiarifu familia au muuguzi. Mgonjwa wa kiharusi anaweza kupaliwa na chakula kikaingia mapafuni. Anayesema atampa maji ili kishuke hajafunzwa.

La pili: akianguka? Mlezi mzuri hakimbilii kumwinua. Humtazama kwanza, humuuliza panapouma, huangalia kama mguu umepinda au kichwa kimegonga, na huita usaidizi.

La tatu: akikataa kuoga? Jibu hili hupima moyo. Asemaye atamlazimisha ni wa kuogopwa. Ajuaye kazi yake ataahirisha, atajaribu tena baadaye, na atatafuta sababu: huenda maji ni baridi, huenda bega linauma, au huenda baba mzee anaona haya kuvuliwa nguo na msichana wa umri wa mjukuu wake.

Swali hilo la tatu lina uzito zaidi kwa wanaougua maradhi ya kusahau. Mgonjwa wa aina hiyo anaweza kutangatanga usiku, kuzungumza na watu wasioonekana, au kumshutumu mlezi kwa wizi. Mlezi asiyeujua ugonjwa huo hukasirika au huogopa. Oktoba 2021, wanawake wanne wakongwe waliuawa eneo la Marani, Kaunti ya Kisii, kwa tuhuma za uchawi, na katika Kaunti ya Kilifi wazee wamewahi kukimbia makwao kwa tuhuma kama hizo. Katika nchi ambamo mwenendo usio wa kawaida wa mkongwe unaweza kutafsiriwa hivyo, mlezi anayejua kutofautisha ugonjwa na uchawi ni ngao ya uhai.

Baada ya mazungumzo, yawepo majaribio ya wiki mbili. Daftari liwekwe kando ya kitanda, na humo ziandikwe dawa zilizotolewa na saa zake, chakula na maji, haja kubwa na ndogo, usingizi, na hali ya ngozi. Jamaa wafike bila kutangaza, asubuhi siku moja na usiku siku nyingine. Mgonjwa akikonda ghafla, akiwa na alama za michubuko, akinyamaza kila mlezi anapoingia, au akilala kutwa bila sababu, suala hilo lichunguzwe siku hiyo hiyo.

Baadhi ya familia huweka kamera. Zinafaa sebuleni au langoni, mradi mlezi na mgonjwa wameelezwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatambua kwamba mtu ana haki juu ya habari zake binafsi, na mgonjwa hapotezi haki hiyo kwa kuwa amelazwa. Kamera haina nafasi bafuni wala mahali anapobadilishwa nguo.

Mlezi naye ni binadamu

Suala linalosahaulika zaidi ni haki za anayeajiriwa. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uandikwe. Inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka. Nyumba ya mtu binafsi haijaondolewa katika matakwa hayo.

Agizo la mishahara lililoanza kutekelezwa Novemba 2024 liliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani katika majiji ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru kuwa Sh16,113 kwa mwezi, bila marupurupu ya nyumba. Hicho ni kima cha kazi za kawaida. Anayekesha na mgonjwa na kubadilisha nepi anastahili zaidi, kando na michango ya Hazina ya Malipo ya Uzeeni (NSSF) na ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA).

Mkataba utaje zamu, mshahara, siku ya kupumzika, kazi zilizomo na zisizokuwamo, na notisi ya kuachana. Utaje pia kwamba mlezi hatagusa kadi ya benki ya mgonjwa, nambari ya siri ya M-Pesa wala hatimiliki ya shamba. Kanuni hiyo humlinda mlezi mwenyewe, kwani pesa zikipotea yeye ndiye hushukiwa kwanza.

Kuyazingatia haya ni maslahi ya mgonjwa pia. Mlezi asiyelala husahau dawa. Asiyelipwa huondoka bila kuaga, na mgonjwa aliyemzoea huanza upya na mgeni. Mlezi wa kike anayesumbuliwa na wanaume wa nyumba hiyo hatakuwa na utulivu wa kumtunza yeyote.

Gharama na ugomvi wa ndugu

Mgonjwa anayehitaji mtu usiku na mchana anahitaji walezi wawili wa kupokezana. Kwa kima hicho cha chini cha mijini, hiyo ni zaidi ya Sh32,000 kwa mwezi kabla ya dawa, nepi na nauli ya kliniki. Serikali, kupitia mpango wa Inua Jamii uliopanuliwa mnamo 2018 kuwafikia wote waliotimiza miaka 70, imekuwa ikitoa Sh2,000 kwa mwezi. Hizo ni chini ya Sh70 kwa siku, ambazo haziwezi kumlipa mlezi hata wa nusu siku.

SHA, iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024, na kampuni za bima za kibinafsi ziulizwe mapema, na jibu lipatikane kwa maandishi, kuhusu huduma gani za nyumbani zinazolipiwa. Kuna familia nyingi ambazo hugundua mipaka ya bima yao baada ya kuajiri.

Mzigo unaosalia huangukia ndugu, na hapo ndipo undugu hupimwa. Aliye ng'ambo hutuma pesa na kudai maelezo. Aliye mjini huja wikendi na kukosoa. Kifungua mimba au kitinda mimba aliyebaki nyumbani, na mara nyingi huwa ni binti, huacha biashara yake, hukesha, na kazi yake haihesabiwi kwa shilingi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Familia zinazofaulu huketi mapema na kugawana: nani atalipa, nani atasimamia mlezi, nani ataongea na daktari, na nani atampokea zamu yule anayeishi na mgonjwa ili naye apumzike. Mlezi apokee maagizo kutoka kwa mtu mmoja. Akiamrishwa na watoto watano kwa simu tano, mgonjwa ndiye atakayeumia.

Katika majadiliano hayo yote, mgonjwa mwenyewe husahaulika kirahisi. Kiharusi huweza kumnyang'anya mtu ulimi na kumwachia akili. Aulizwe kama anataka mlezi wa kiume au wa kike, wa lugha gani, anataka kuamka saa ngapi, na kama anapenda kusikiliza redio au kupelekwa kanisani au msikitini. Na aliye na afya leo ana nafasi adimu ya kuwaeleza wanawe angetaka atunzwe vipi na nani, na kwa pesa zipi, kabla ya siku ya kutoweza kusema.

Wajibu wa Serikali

Hata hivyo, si haki kuiachia familia kazi ya ukaguzi milele. Wizara ya Afya na serikali za kaunti zinaweza kuanza kwa mambo matatu: viwango vya chini vya mafunzo kwa walezi, rejista ambayo umma unaweza kuipekua, na ukaguzi wa kampuni zinazowasambaza. Wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 waliokabidhiwa vifaa Septemba 2023 tayari hupita nyumba kwa nyumba. Wakifunzwa kutambua kidonda cha mgongo kinapoanza na mzee anayedhulumiwa, watakuwa jicho la Serikali katika vyumba ambamo sasa haioni chochote.

Nchi iliyoona umuhimu wa kuwatahini walezi wa wageni haina kisingizio cha kutowatahini wa wazee wake. Hadi siku hiyo, kila familia itaendelea kubahatisha, na bei ya kukosea italipwa na asiyeweza kujigeuza kitandani.